Kumfundisha Mwanafunzi wa Uuguzi Kukaa na Mgonjwa Anayeaga Dunia

Kabla ya kuwa mkufunzi nilifanya kazi miaka mingi katika wodi ya wanawake ya hospitali ya mkoa, na katika kazi zote mbili nimeisikia kauli moja mara nyingi kuliko ninavyopenda: "Hapa hakuna la kufanya tena." Husemwa wakati wa raundi ya asubuhi, kwa sauti ya chini, mbele ya mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeshasambaa mwilini, na ikishasemwa msafara husogea kitanda kinachofuata. Mwanafunzi aliyesimama nyuma na daftari lake huenda asiandike kitu, lakini somo amekwisha kulipata. Ameelewa kwamba kitanda kile kimetoka katika hesabu ya kazi. Tangu siku hiyo utamwona akimpima mgonjwa yule joto na presha kwa haraka, macho yakiwa kwenye saa, kisha akiondoka kabla mgonjwa hajapata nafasi ya kumwuliza jambo.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba wanafunzi wa siku hizi hawana huruma. Sikubaliani nao, kwa sababu nimewaona wanafunzi haohao wakitoa nauli zao kumnunulia mgonjwa chai. Mwanafunzi wa mwaka wa pili amefundishwa kutundika dripu, kufunga kidonda, kuhesabu dozi na kujaza chati. Akimkuta mgonjwa ambaye hayo yote hayatamponya, anajiona amesimama mbele ya mateso akiwa mikono mitupu, na binadamu aliye katika hali hiyo hutafuta mlango. Kwa hiyo somo langu la kifo na msiba siku hizi silianzi na maana ya kifo wala nadharia za huzuni. Nalianza na kazi.

Nalianza na kinywa. Mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho hupumua mdomo ukiwa wazi, hanywi tena kwa hamu, mate hukauka, ulimi hupasuka na utando mweupe hujijenga juu yake. Mwanafunzi huvaa glovu, huzungusha chachi kwenye kidole, huichovya katika maji safi yaliyotiwa chumvi kidogo, hufuta ufizi, ndani ya mashavu na juu ya ulimi taratibu, kisha hupaka mafuta ya mgando kwenye midomo. Ni kazi ya dakika chache, nayo hurudiwa kila baada ya saa chache usiku na mchana. Darasani nawataka wafanyiane wao kwa wao kabla ya kwenda wodini, ili kila mmoja aonje jinsi ilivyo kumwachia mtu mwingine kinywa chako. Kwa kawaida huanza kwa kucheka, na baada ya muda mfupi darasa lote hunyamaza.

Baada ya kinywa huja kugeuza ubavu, kutunza ngozi isipate vidonda vya mgandamizo, kumweka mgonjwa aliyeanza kukoroma kooni alale kwa upande ili makamasi yasimsumbue, na kutandika shuka bila kumtikisa mtu ambaye kila kiungo kinamuuma. Haya yamo katika kila kitabu cha uuguzi na sina haja ya kuyarefusha. Jambo ambalo vitabu havilikazii ni harufu, nami nalitaja wazi kwa sababu ndilo linalomtenga mgonjwa kuliko jambo lingine lolote.

Namkumbuka mama mmoja wa makamo aliyekuwa na saratani ya titi iliyokwisha kupasua ngozi. Alilazwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha, na dada yake aliyekuwa akimletea chakula alisimama mlangoni akiwa ameshika upindo wa kanga puani, akamwomba mwanafunzi wangu ampelekee bakuli. Mgonjwa aliona, akageukia ukutani. Nilimwambia mwanafunzi alete vidonge vya metronidazoli, avisage kwa mgongo wa kijiko ndani ya karatasi safi mpaka viwe unga. Tulikiosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyopashwa vuguvugu, tukiyamimina juu yake polepole bila kukisugua, tukanyunyiza unga ule, tukafunika kwa chachi iliyopakwa mafuta ya mgando ili isishikamane na nyama. Mwanafunzi akaendelea hivyo kila siku. Bakteria wanaosababisha harufu hufa kwa dawa hiyo, na baada ya siku chache harufu ilikuwa imepungua sana. Siku moja nilipopita, nilimkuta dada mtu ameketi kitandani, kichwa cha mgonjwa kikiwa mapajani mwake, anamsuka. Saratani ilikuwa palepale, na yule mama alifariki baadaye kama tulivyojua atafariki, ila alifariki akiwa na ndugu yake pembeni. Mwanafunzi yule hajawahi tena kutamka mbele yangu kwamba hakuna la kufanya.

Wagonjwa wa namna hii ni wengi kwetu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Tanzania, na wengi wa wanaopelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hufika ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Wakirudi nyumbani au katika hospitali za mikoa, anayebaki nao ni muuguzi. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalozihimiza nchi kuingiza tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, katika mafunzo ya msingi ya wahudumu wa afya, na naona ilikuwa haki, kwa sababu hatuwezi kuliacha jambo hili kwa wataalamu wachache wa mijini wakati kila mhitimu wetu atakutana nalo katika zamu zake za mwanzo kabisa.

Kuhusu maumivu, kikwazo kikubwa ninachopambana nacho darasani ni hofu ya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Wanafunzi huja wakiwa wamesikia kwamba ni dawa ya kumsindikiza mtu, kwamba akianza kuinywa ndiyo basi, au kwamba atakuwa teja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa ngazi 3 za kutibu maumivu ya saratani mwaka 1986, na mofini ya kunywa imo katika ngazi ya juu tangu wakati huo. Nawaeleza habari za jirani zetu wa Uganda, ambako shirika la Hospice Africa Uganda lilianzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, likatengeneza mofini ya maji kutokana na unga, kwa bei ambayo watu wa kawaida wangeweza kuimudu, na kuitia rangi kulingana na nguvu yake, ya kijani ikiwa ndiyo yenye nguvu ndogo, ili mgonjwa na ndugu zake wasichanganye chupa. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu kisheria wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika dawa hiyo wao wenyewe. Wanafunzi wangu hushangaa wakisikia hivyo, kisha huanza kuuliza maswali ya maana: itolewe kila baada ya muda gani, ianze na kiasi gani, nini kifanyike mgonjwa akisinzia mno. Najibu kwamba hutolewa kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa, bila kungoja maumivu yarudi. Kwamba hupandishwa hatua kwa hatua kufuata maumivu, na ikitolewa hivyo haimharakishii mtu kifo. Na kwamba dawa ya kulainisha choo iandikwe siku hiyohiyo, kwa maana mofini hufunga choo karibu kwa kila mtu na choo kigumu ni mateso mengine juu ya mateso.

Hata hivyo, nimeona wagonjwa waliopewa dozi sahihi kwa saa sahihi na bado wakalia usiku kucha. Hapa humtaja Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, akasomea udaktari akiwa mtu mzima, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's mjini London, hospisi, yaani nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa yana sehemu za mwili, za moyo, za jamii na za roho, na kwamba huwezi kuitibu sehemu moja ukaziacha nyingine. Jambo hilo nililishuhudia kwa mzee mmoja, mkulima, ambaye hakuna dawa iliyomtuliza mpaka mwanafunzi wa zamu ya usiku alipovuta stuli, akamwamkia vizuri na kumwuliza, "Babu, mbali na maumivu, ni kitu gani kinachokunyima usingizi?" Mzee akamweleza habari ya mpaka wa shamba kati yake na mdogo wake, waliogombana zamani na kuacha kusalimiana. Asubuhi mwanafunzi aliniletea habari hiyo kwa wasiwasi, akiuliza kama ni kazi yetu. Tulimpigia simu mtoto wa mzee, mtoto akamleta baba yake mdogo. Sikusikia waliyozungumza na sikutaka kuyajua. Dawa ilikuwa ileile, na usiku uliofuata mzee alilala.

Kwa wanafunzi, swali gumu kuliko yote ni lile ambalo mgonjwa huuliza saa nane za usiku, taa zikiwa zimezimwa nusu na muuguzi wa zamu akiwa chumba kingine: "Mwanangu, hivi mimi nitapona?" Kwetu ndugu wengi huomba mgonjwa asiambiwe. Humwita daktari pembeni na kumsihi kwamba mama akijua atakata tamaa. Siwalaumu, maana wanamlinda kwa namna waliyofundishwa na mapenzi. Lakini mgonjwa mwenyewe mara nyingi anajua, naye hukaa peke yake na siri ambayo kila mtu chumbani anayo. Mwanafunzi hana mamlaka ya kutoa majibu ya vipimo, na hapaswi kutabiri. Vilevile hapaswi kusema, "Utapona tu, Bibi, usijali," kisha akaondoka, kwa sababu anayeuliza hivyo usiku ameshachagua mtu wa kumwuliza, na jibu la namna hiyo humwonyesha kwamba alikosea kuchagua.

Nawafundisha kwanza kuketi, kwa kuwa aliyesimama huonekana anaondoka. Kisha warudishe swali kwa upole: "Bibi, wewe mwenyewe unaionaje hali yako?" Mara nyingi jibu la swali lile huwa tayari mdomoni mwa mgonjwa. Akisema, "Naona siendi mbali," mwanafunzi hana haja ya kukanusha. Anaweza kuuliza ni nani angependa awepo, ni jambo gani angependa lifanyike, kama angependa aitiwe padri, mchungaji au sheikh. Akiona mgonjwa anataka ukweli wote wa ugonjwa wake, anamwahidi kwamba atamweleza muuguzi wa zamu na daktari, na ahadi hiyo lazima itimizwe asubuhi ileile. Nawasisitizia sana jambo la ahadi. Mgonjwa anayehesabu siku huikumbuka kila ahadi.

Kuwapa ndugu habari ya kifo ni somo jingine. Upo mwongozo wa hatua 6 wa kutoa habari mbaya uliochapishwa mwaka 2000 na Walter Baile, Robert Buckman na wenzao, ambao hatua yake ya kwanza ni kuandaa mahali pa faragha. Wodi zetu hazina chumba cha faragha. Tunatumia chumba cha kuhifadhia shuka, au benchi nyuma ya jengo, alimradi habari isitolewe koridoni watu wakipita na ndoo. Mwongozo ule pia unamfikiria mgonjwa mmoja au ndugu wawili, ilhali kwetu huja ukoo. Mke wa marehemu huenda akawa amesimama nyuma na msemaji akawa mjomba au baba mdogo, na muuguzi asiyejua hilo humpa habari mtu ambaye hakustahili kuipokea wa kwanza na akiwa peke yake. Nawaagiza wanafunzi waulize mapema, mgonjwa angali hai, nani azungumze kwa niaba ya familia na nani asiachwe peke yake. Habari yenyewe itolewe kwa maneno yasiyo na shaka, kwamba amefariki, kisha muuguzi anyamaze. Watu wakiangua kilio, mwanafunzi hukimbilia kuwanyamazisha kwa ajili ya wagonjwa wengine. Ni kweli wagonjwa wengine wana haki zao, basi awaongoze taratibu kwenda nje, awape mahali pa kulilia, abaki nao. Kumwambia mama aliyefiwa muda uleule kwamba apunguze sauti ni jambo ambalo sijaweza kulizoea.

Vivyo hivyo ndugu hulia kwa ajili ya chakula kabla ya msiba kufika. Mgonjwa anapoacha kula, mtu wa kwetu huona kwamba hospitali imemwacha afe njaa. Huja na uji kwenye chupa ya chai, huomba dripu, na wapo wanaomkasirikia mwanafunzi aliyezuia kijiko. Maelezo ninayowapa wanafunzi ni haya, nao huyasema kwa maneno yao: mwili wake sasa hauna nguvu ya kukitumia chakula, na uji anaolazimishwa unaweza kuingia mapafuni na kumkaba, lakini mkono wako anausikia, njoo nikuonyeshe jinsi ya kumlowesha midomo. Ndugu aliyekuja kulisha akipewa chachi na kikombe cha maji hutulia, kwa sababu alichokuja kutafuta ni namna ya kumhudumia mtu wake. Naona hapa ndugu na mwanafunzi wana shida ileile.

Mgonjwa akishakata roho, kazi huendelea. Skrini huvutwa, macho hufumbwa, viungo hunyooshwa kabla mwili haujakakamaa, taya hufungwa kwa bendeji, mipira na sindano huondolewa, mwili husafishwa na jina huandikwa na kufungwa. Nawataka waendelee kumwita kwa jina lake na kumweleza wanachofanya, "Mama, sasa tunakugeuza," kama walivyokuwa wakifanya jana yake. Marehemu akiwa Mwislamu, mwanafunzi Mkristo ajue kwamba kuosha mwili kwa ibada na kukafini ni haki ya watu wake, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na kwamba yeye atosheke na kufumba macho, kufunga taya, kunyoosha viungo na kumfunika vizuri. Kabla ya hapo, dalili za mwisho zikionekana, awaite ndugu mapema ili wapate kumlakinia shahada, yaani kumtamkia ili aitamke, na, ikiwezekana, kumwelekeza kibla. Mgonjwa akiwa Mkatoliki, padri aitwe kwa ajili ya mpako wa wagonjwa angali na fahamu, si dakika ya mwisho. Wanafunzi wa dini zote mbili husoma haya pamoja darasani, na mara nyingi wao ndio huelezana vizuri kuliko ninavyoweza kuwaeleza mimi.

Baada ya kazi hizo ndipo nafikia nadharia ya huzuni, na hapo huwakuta tayari wamekariri hatua 5 za Elisabeth Kübler-Ross: kukataa, hasira, kuomba masharti, huzuni kubwa na kukubali. Hatua hizo alizieleza mwaka 1969, kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa mahututi katika hospitali ya Chicago, na baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba hazikukusudiwa kuwa mpangilio ambao kila mtu lazima aupitie. Wanafunzi wetu huzitumia kama ngazi. Nimewahi kusoma katika ripoti ya mwanafunzi kwamba mjane fulani "amekwama hatua ya pili". Mjane yule alikuwa na hasira kwa sababu mashemeji zake walikuwa wameshaanza kuulizia funguo za nyumba, na hasira yake ilikuwa na sababu nzuri kabisa.

Nadharia inayonisaidia zaidi ni ile ya Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi, ya mwaka 1999, inayosema kwamba aliyefiwa hubadilikabadilika, mara akiuelekea msiba wake na kuulia, mara akiuacha na kushika mambo ya maisha, na kwamba kwenda na kurudi huko ndiko kunakomwezesha kuendelea. Nikiifundisha siwapi mifano ya Ulaya. Nawauliza nini hutokea katika matanga ya kwao. Hueleza wenyewe: wanawake ndani wamekaa kwenye mikeka wanamlilia marehemu, nyuma ya nyumba wengine wanapika na kubishana kuhusu mchele, wanaume chini ya turubai wanahesabu rambirambi, na ghafla anakuja mtani wa ukoo amevaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anadai alipwe ndipo kaburi lifukiwe, na mfiwa aliyekuwa akilia anacheka huku machozi yangali usoni. Wazee wetu waliujua mwenendo huo wa huzuni na wakauwekea watu maalumu wa kuuhudumia. Mwanafunzi akishaliona hilo, hamshangai tena mke wa marehemu anayelia saa nne na saa tano anauliza bei ya jeneza.

Wodi ya wazazi naiweka peke yake, kwa kuwa huko kifo humkuta kila mtu akiwa amejiandaa kwa furaha. Mama aliyejifungua mtoto aliyekwisha kufariki mara nyingi hurudishwa katika wodi yenye watoto wanaolia pande zote, na wanafunzi humpita kwa aibu, maana hawajui wampe hongera ya kujifungua salama au pole. Katika mila nyingi ndugu humchukua mtoto na kumzika upesi bila mama kumwona, kwa nia ya kumpunguzia uchungu. Nimekutana na akina mama waliofurahi kwamba ilikuwa hivyo, na nimekutana na wengine ambao miaka imepita na bado wanauliza mtoto alifanana na nani. Kwa sababu hiyo nawafundisha wanafunzi wamwulize mama mwenyewe, kwa faragha, bila kumsukuma upande wowote.

Mwanafunzi mmoja, binti mkimya ambaye darasani alikuwa hainui mkono, aliuliza hivyo na mama akasema anataka kumwona. Binti yule akamwosha mtoto kwa maji ya vuguvugu, akamkausha, akamvika kofia, akamfunga katika kanga mpya ambayo mama alikuja nayo kwa ajili yake, akamletea. Mama alimfunua, akahesabu vidole, akamtaja jina. Siku ya tatu maziwa yakaja. Hilo ni jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwonya mama, na maziwa yalipolowesha gauni lake alilia kuliko siku ya kujifungua. Mwanafunzi alikuwa amesoma, hivyo akajua la kufanya: sidiria inayoshika vizuri, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, dawa ya maumivu, kutokamua isipokuwa kidogo pale matiti yanapouma sana, na maelezo kwamba yatapungua yenyewe kwa siku kadhaa. Akaomba pia mama ahamishiwe kitanda cha wodi ya magonjwa ya wanawake, mbali na vichanga, na inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, akakubali. Tangu hapo nimeliingiza suala la maziwa katika somo, na huwa naona wanafunzi wa kiume wakiandika kwa bidii kuliko wengine, labda kwa kuwa ni jambo ambalo halikuwahi kuwapitia akilini.

Limebaki jambo la huzuni ya wanafunzi wenyewe. Kila darasa lina wanaoijua vizuri. Wengi wa niliowafundisha miaka ya nyuma walikuwa yatima wa UKIMWI waliolelewa na bibi zao, na wapo kila mwaka waliomwuguza mzazi nyumbani kabla ya kuja chuoni. Siku moja kabla ya kipindi cha kwanza huwa nawaeleza tutazungumza nini, ili aliyefiwa karibuni aje kunieleza faraghani. Alikuwepo mwanafunzi aliyeniambia kwamba mama yake alifia katika wodi ileile tuliyokuwa tukienda. Tulimpangia wodi nyingine, na mwaka uliofuata aliomba mwenyewe arudi pale, akaenda akiwa na mwenzake aliyemchagua.

Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa kwamba muuguzi halii. Mimi nawaambia kwamba machozi yakija yasizuiwe, ila tusiwafanye wafiwa waache msiba wao kutubembeleza sisi. Kisha baada ya kila kifo ambacho mwanafunzi amekihudumia, tunaketi kwenye benchi nyuma ya wodi, na kikombe cha chai kama kipo, na ninamwuliza alifanya nini, aliona nini, na kitu gani anaona kitamfuata usiku akilala. Maswali hayo mara nyingi huleta majibu ambayo mtihani usingeyaleta. Wengine hujilaumu kwamba laiti wangepima presha mapema, na inabidi tufungue faili pamoja, tusome mstari kwa mstari, mpaka waone kwamba ugonjwa ulikuwa umeshafika mwisho. Wengine hawasemi kitu. Hao nawatafuta tena kesho yake, kwa kuwa aliyenyamaza kwenye benchi mara nyingi ndiye anayeomba ruhusa ya kuumwa wiki inayofuata.

Kikao hicho hakimo katika ratiba rasmi, na wodi inapozidiwa ndicho cha kwanza kuachwa. Usiku ni vigumu zaidi, kwa sababu muuguzi mmoja anaweza kuwa na wodi nzima na mkufunzi hayupo. Tumezungumza na mainchaji na kukubaliana mambo mawili: kwamba mwanafunzi asiachwe peke yake na mgonjwa anayekata roho, hata kama itabidi mwenzake atolewe wodi ya jirani, na kwamba aliyemwandaa marehemu asipelekwe moja kwa moja kumpokea mgonjwa mpya kabla ya kupata muda wa kunawa, kunywa maji na kuzungumza na mtu. Katika tathmini ya vitendo tumeongeza pia usafi wa kinywa wa mgonjwa mahututi na mazungumzo na ndugu yake mmoja, vyote vikisimamiwa kando ya kitanda na kupewa alama sawa na kutundika dripu. Kundi la mwaka huu ndilo la kwanza kupimwa hivyo, na linaingia wodini mwezi ujao.